Tupeane uzoefu: Kubadili jina wakati wa kuomba uraia wa Marekani

Mzee wa Fomu (mwanzisha mada):

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo.

Nimeanza kujaza N-400, ile fomu ya kuomba uraia, na nimekwama Sehemu ya 2. Ukishaandika jina lako la kisheria na majina yote uliyowahi kutumia, wanakuuliza kama ungependa kubadili jina. Ukijibu ndiyo, kuna nafasi ya kuandika jina jipya, basi. Hakuna ada nyingine juu ya ile ya fomu, ambayo ni dola 710 ukituma mtandaoni na 760 ukituma karatasi. Ukienda mwenyewe mahakama ya jimbo unalipia kufungua shauri, na majimbo mengine yanakutaka utangaze na gazetini. Kwa hiyo hicho kisanduku kinatamanisha.

Mimi nina majina matatu: langu, la baba, la babu. Kwenye visa la babu ndilo likakaa mwisho, na tangu nifike hapa kazini naitwa kwa jina la mzee ambaye hata sura yake siijui. Nataka la baba likae mwisho. Sasa huyu ananiambia utacheleweshwa, yule anasema usiguse kitu, mwingine eti nitapelekwa mahakamani nijieleze kama mtuhumiwa. Waliopita huko naomba mtupe yaliyowakuta wenyewe. Ya "shemeji yangu alisikia" nimeshashiba.

FNU Mstaafu:

Mkuu, umenigusa penyewe. Mimi pasipoti yangu ilikuwa na jina moja tu. Ukija na jina moja, visa ya Marekani inaliweka kwenye nafasi ya jina la ukoo, na kwenye jina la kwanza wanachapa FNU, maana yake jina la kwanza halijulikani. Hiyo FNU ikahamia kwenye grini kadi, ikahamia kwenye leseni ya udereva, ikahamia benki. Barua za bima zinaanza "Mpendwa Fnu". Pale famasi dada anatoa kichwa dirishani anaita "Fnuu! Fnuu!" na mimi nainuka kwa sababu dawa naitaka. Kazini tulikuwa wawili, mimi na jamaa mmoja kutoka bara Asia, wote Fnu, na ratiba za zamu zikawa vurugu tupu mpaka msimamizi akaanza kutuita kwa namba za makabati yetu.

Kwa hiyo mimi nilipofika kwenye hicho kisanduku sikufikiri mara mbili. Nikaandika majina yangu mawili kamili, FNU nikaizika.

Yaliyonikuta ni haya. Intavyu ilikwenda vizuri, maswali ya uraia, kusoma, kuandika, nikapita. Tuliokuwa pale asubuhi ile, baadhi waliambiwa wasubiri waape mchana uleule. Mimi afisa akaniambia hapana, wewe umeomba jina, utamsubiri jaji. Sababu ni kwamba USCIS, idara ya uraia na uhamiaji, wana uwezo wa kukuapisha lakini hawana uwezo wa kukubadilishia jina. Hilo ni la mahakama peke yake. Kwa hiyo unapangiwa hafla ya kiapo inayoongozwa na jaji wa mahakama ya shirikisho, na hizo hazifanyiki kila siku. Nilisubiri, na wenzangu wa asubuhi ile walishapiga kura ndogo za mtaa kabla yangu. Hapo sikudanganyi, iliniuma.

Lakini hakuna kujieleza wala nini. Tuliingia chumba cha mahakama, jaji akaingia tukasimama, wakatajwa walioomba majina mapya kwa pamoja, jaji akaridhia, tukala kiapo na wengine wote. Nikatoka na vitu viwili mkononi: cheti cha uraia chenye jina jipya, na nakala ya lile ombi la jina ikiwa na muhuri wa mahakama. Kile cheti nilikisoma herufi moja moja palepale mezani kabla ya kusaini. Yule mama wa mezani akaniuliza kama kuna tatizo. Nikamwambia mama, wewe acha tu nisome.

Kibaraza:

Hahaha namba ya kabati! Mkuu ulikuwa namba ngapi?

FNU Mstaafu:

114. Na mpaka leo kuna watu wananiita hivyo.

Dada wa Zamu ya Usiku:

Habari zenu. Niongeze kitu kwa kina dada, maana naona watu wanachanganya. Kama unabadili jina kwa sababu ya ndoa au talaka, huhitaji kumsubiri jaji wa shirikisho. Mimi niliolewa wakati N-400 yangu iko njiani. Siku ya intavyu nikaenda na cheti cha ndoa halisi pamoja na nakala, afisa akaangalia, akarekebisha jina kwenye maombi, nikaapa kwenye hafla ya kawaida ya USCIS. Na hata ukiolewa katikati ya intavyu na kiapo, ile barua ya mwaliko wa kiapo, N-445, ina maswali ya kujaza kuhusu yaliyobadilika tangu siku ya intavyu, na ndoa ni mojawapo. Usikae kimya nayo.

Kazi yenyewe inaanza baada ya kiapo. Mimi ni muuguzi, na jina liko kila mahali: leseni ya bodi ya jimbo, cheti cha huduma ya kwanza, beji, mshahara, bima, benki, mkataba wa nyumba. Nilidhani nitapita popote ninapopata nafasi baada ya zamu. Nikaenda ofisi moja ya leseni za udereva nikiwa na macho mekundu ya usingizi, nikapanga foleni, nikafika dirishani, nikaambiwa kwenye kompyuta yao Social Security, wale wa hifadhi ya jamii wanaotoa ile namba yako, bado wananijua kwa jina la zamani, rudi ukishamalizana nao.

Kwa hiyo anzeni Social Security, wengine wote wanatazama pale. Wao wenyewe wanashauri usubiri angalau siku 10 baada ya kiapo ili taarifa zako ziwe zimeingia. Kadi mpya hulipii, na namba yako ni ileile, kwa hiyo historia yako ya mikopo haipotei. Fomu za N-400 za siku hizi zina sehemu ya kuwaruhusu USCIS wawapelekee Social Security taarifa zako, jibuni ndiyo, mtajipunguzia safari.

Mzee wa Fomu:

Dada asante sana, hii ya N-445 sikuijua. Swali: nikishaapa kwa jina jipya na nina tiketi ya kwenda nyumbani iliyokatwa kwa jina la zamani?

Mkalimani Mstahiki:

Ndugu yangu, usikate tiketi. Mimi nimekuwa nikiwasindikiza watu wetu kwenye hizi ofisi kwa miaka, na hili la tiketi ndilo linalotoa watu machozi. Siku ya kiapo grini kadi unairudisha, unaiacha pale. Pasipoti ya Marekani bado huna, mpaka uombe kwa fomu DS-11, ana kwa ana, dola 130 na 35 juu yake za kupokelewa maombi. Na kwenye maombi hayo unaambatanisha cheti halisi cha uraia, kinakwenda nacho, kinarudi baadaye kwa posta. Hapo katikati huna cha kusafiria. Tiketi ya jina la zamani na pasipoti ya jina jipya ni ugomvi na shirika la ndege juu ya ugomvi. Subiri pasipoti iwe mkononi, kisha kata kwa jina lililochapwa humo.

Na niseme chumba cha intavyu kinavyokuwa, maana ndicho kinachotisha watu. Afisa akifika kwenye hilo swali anakuuliza tena kwa mdomo, bado unataka jina hili? Ukikubali anakutolea karatasi ya ombi la kubadili jina, jina la zamani na jina jipya yote yamechapwa. Hapo usiwe na haraka. Angalia tahajia, angalia lipi limekaa mwanzo, lipi katikati, lipi mwisho. Nimewahi kumwona mzee mmoja karibu atie sahihi jina ambalo "Mwinyi" limegeuka "Mwiny". Nilimgusa mkono tu, akaelewa, afisa akachapa upya bila neno. Nimeona pia waliobadili mawazo palepale wakasema niacheni na langu, ikakatwa, na waliosema ndiyo palepale ingawa kwenye fomu walikuwa wameandika hapana.

Karatasi hiyo unaitia sahihi kwamba hukimbii madeni wala mkono wa sheria. Kama una kesi ya madai inakufuata, hiyo si njia.

Na tusichanganye kubadili jina na kurekebisha kosa. Cheti kikitoka na kosa la uchapaji lililofanywa na wao, kuna fomu N-565 ya kuomba cheti kingine, na kwa kosa lao hulipi. Ndiyo maana nimempenda huyo FNU aliyesoma herufi moja moja.

Mama Wanne:

Mimi niwaeleze ya watoto, maana wanaume hapa mmeongea kama mnaishi peke yenu.

Sisi tulikuja kama wakimbizi kutoka Kongo. Kwetu kila mtoto amepewa jina lake, hawabebi jina moja la ukoo. Nyumba moja, watoto wanne, majina manne ya mwisho, na mimi la tano. Kila nikienda kumchukua mtoto shule mpya, naulizwa wewe ni nani wake. Kwa daktari vilevile. Siku moja mtoto ana homa mikononi mwangu, karani ananiuliza kama nina karatasi ya ulezi. Ulezi! Na mtoto ananiita mama mbele yake.

Nikasema nikiapa, wote tunakuwa jina moja. Nikaandika kwenye N-400 jina la mume wangu. Siku ya intavyu afisa, mtu mpole, akanieleza: hili ni lako peke yako. Watoto walio chini ya miaka 18, wenye grini kadi na wanaoishi nami chini ya malezi yangu kisheria, watakuwa raia palepale nitakapoapa, kwa ile sheria ya uraia wa watoto ya mwaka 2000. Lakini majina yao hayaguswi. Ya watoto ni mahakama ya jimbo.

Basi nikaenda mahakama ya kaunti. Baba yao alikuja akatoa ridhaa, jaji akasikiliza ya wadogo watatu pamoja, akamuuliza yule wa kati kama anataka, mtoto akajibu anataka lakini lile lake la zamani libaki katikati. Jaji akacheka, akaandika hivyohivyo. Mkubwa alikuwa ameshapita 18, huyo anajaza N-400 yake mwenyewe, na amekataa kubadili. Anasema jina lake alipewa na bibi yake. Nimemwacha.

Sasa sikilizeni hapa. Kuomba pasipoti za watoto, cheti cha kuzaliwa cha mtoto kina jina langu la zamani. Cheti changu cha uraia kina jina jipya. Mtu akiweka viwili mezani haoni kama ni mama mmoja. Kinachoviunga ni ile karatasi ya mahakama, na za watoto nazo vilevile. Mimi niliomba nakala zilizothibitishwa kwa karani wa mahakama, zaidi ya moja, nikaziweka kwenye bahasha ya plastiki. Bahasha hiyo haitoki nyumbani bila mimi.

Pwani Asilia:

Jamani, mimi nitakuwa wa kinyume. Niliulizwa, nikasema hapana, na nikipewa nafasi tena nitasema hapana.

Mimi ni Mkenya, na tangu katiba ya 2010 naruhusiwa kubaki Mkenya nikiwa Mmarekani. Sasa nikibadili jina huku, nyumbani bado kitambulisho, pasipoti, hati ya kiwanja na vyeti vya chuo viko kwa jina la zamani. Ili vilingane lazima nifanye hati ya kubadili jina kule pia, isajiliwe, itangazwe kwenye Gazeti la Serikali, ndipo nianze kukimbizana na kila ofisi. Kwa ajili ya nini? Eti wazungu wanashindwa kulitamka. Watajifunza. Wanatamka majina ya wachezaji wa mpira wa kikapu kutoka Ugiriki bila shida.

Mwenye FNU namwelewa, ile si jina. Mama Wanne namwelewa zaidi. Lakini anayetaka kugeuza tu mpangilio, Mzee wa Fomu nakuangalia wewe, hebu kwanza hesabu una karatasi ngapi huko nyumbani zenye mpangilio huu wa sasa.

Mzee wa Fomu:

Umenikamata mkuu. Nina vyeti vya shule na cha chuo, shamba liko kwa jina la mama. Mimi ni Mtanzania, kwa hiyo pasipoti ya nyumbani nikiapa ndiyo kwaheri.

Pwani Asilia:

Basi wewe mzigo wako ni mwepesi. Vyeti vya shule havibadiliki, ukiulizwa unaambatanisha ile karatasi ya jaji. Endelea tu.

Msomaji Kimya:

Samahani, nimefuatilia muda mrefu bila kuchangia. Sitaki kutoa jina lolote, nataka kuongeza la bibi katikati. Hiyo nayo ni mpaka jaji?

Mkalimani Mstahiki:

Ndiyo dada. Kuongeza, kupunguza, kugeuza mpangilio, yote kwa sheria ni jina jipya, njia ni ileile. Ila kuna sehemu ambazo mahakama ndiyo inayoapisha watu wote, wenye jina jipya na wasio nalo, na huko hupotezi muda wowote kwa kujibu ndiyo. Muulize afisa wako siku ya intavyu hafla za jaji kwenu ni kila baada ya muda gani, kisha ndipo utie sahihi.