Gadi iko juu, kichwa bado kinatikisika. Kosa liko wapi?

KijanaWaKikwajuni:
Asalaam aleikum wakubwa. Tuna kijana wa kilo 63 tunamnoa hapa mjini, anasimama mguu wa kushoto mbele. Gadi, yaani mikono ya kujikinga uso, hashushi. Lakini kila sparingi (mazoezi ya kupigana na mwenzake), ngumi ikitua juu ya glovu kichwa kinarudi nyuma, na ikija ya kuzungusha, glovu yake mwenyewe ndiyo inayompiga shavu. Raundi ya tatu macho yashalegea. Tangu ngumi ziruhusiwe tena Zanzibar mwaka 2022 tunapata vijana wa mikono mizito, ila kujikinga hakuna aliyewafundisha. Tuanzie wapi? Msinambie "akwepe", hilo nalijua.

KonaBuluu:
Waaleikum salaam. Glovu inampiga kwa sababu iko hewani. Pakibaki nafasi ya vidole viwili kati ya glovu na shavu, pigo linaisukuma glovu mpaka igonge uso, na ndipo anapoumia.

Dhidi ya ngumi ya kuzungusha ya kushoto ya mpinzani, glovu ya kulia ibandikwe kwenye kichwa kabisa: mwanzo wa kiganja kwenye mfupa wa shavu, ngumi ifunike sikio. Kiwiko kining'inie mbele ya mbavu, bega linyanyuke mpaka liguse taya. Hapo pigo linapokewa na mkono, bega na kiwiliwili kwa pamoja, halibebwi na shingo peke yake.

Jebu, ile ngumi ya moja kwa moja ya mkono wa mbele, asiifuate. Aipokee kwa kiganja cha kulia hapo hapo mbele ya kidevu, mkono utembee inchi mbili tatu tu. Akiunyoosha kwenda kuidaka mbali, mjanja atamtishia jebu kisha azungushe kwenye shavu lililobaki wazi. Kidevu chini, meno yaume kinga ya mdomo. Mdomo ukiwa wazi taya linayumba, na hapo hata pigo la wastani linamuangusha mtu.

MtuWaGombani:
Kona kasema kweli, lakini hiyo nusu. Ukisimama kama nguzo, hata gadi nzuri inapitisha kishindo. Ngumi inaumiza kwa sababu mwendo wake unazimwa ghafla. Urefushe muda wa kuzimwa, nguvu inapungua. Mpokea gunia la karafuu kutoka kwenye gari hushuka nalo, akikaza miguu mgongo utamlipa.

Kwa hiyo asafiri na ngumi. Ikija ya moja kwa moja, uzito uhamie mguu wa nyuma, goti la nyuma likunjike, kichwa kirudi upana wa kiganja. Asipinde mgongo wala asinyanyue kidevu. Ikija ya kuzungusha ya kushoto, inatua shavu lake la kulia na inaelekea kushotoni kwake, basi naye azungukie kushoto, mabega na kichwa pamoja. Kichwa kikizunguka peke yake ni hatari, kwani kule kuzungushwa ghafla ndiko hasa kunakotikisa ubongo.

Mnapoharibu wengi ni hapa: kijana anaikwepa jebu kwa kuyumba kuliani kwake, mpinzani anafuatisha ya kuzungusha kwa mkono ule ule wa kushoto. Kichwa kinakwenda, ngumi inakuja, vinakutana njiani. Akiyumba kulia, glovu ya kulia iwe ishabandikwa shavuni kabla.

Mazoezi: raundi tatu za dakika mbili, mwenzake arushe ngumi ya kuzungusha peke yake, ya kugusa tu, naye asirudishe hata moja. Akianza kuondoka kabla ya ngumi kutoka, mwenzake asite kidogo halafu apige. Hiyo itamfundisha kusubiri.

KijanaWaKikwajuni:
Shukran. Na ile ya kukinga kwa bega, anayocheza yule bondia Mmarekani Floyd Mayweather? Keshaiona kwenye simu, hasikii la mtu.

KonaBuluu:
Mwache aitamani. Ile bega la mbele linatelezesha mkono wa kulia wa mpinzani, glovu ya nyuma inakaa kidevuni, mkono wa mbele unalala tumboni. Macho na kiuno vikichelewa kidogo tu, jebu inaingia moja kwa moja. Na akikutana na bondia wa mashoto, anayetanguliza mguu wa kulia, ngumi nzito inatokea upande ambao bega halipo. Hiyo iwe baadaye sana.

Wala asiende kwenye kamba za ulingo kwa kumuiga bondia Muhammad Ali. Kule Kinshasa mwaka 1974 Ali aliegemea kamba na viwiko vimefunga mbavu, akimshika mpinzani wake George Foreman shingo na kumkandamiza kila wakikumbatiana, na hata hivyo alikula ngumi nyingi mpaka raundi ya nane. Asojua kukumbatia na kufunga mikono ya mwenzake, kamba zitammaliza.

BintiWaWete:
Naongeza la tumbo, maana hamjaligusa. Ini liko kulia. Asishushe glovu kulifunika, akunje goti na kiuno ili kiwiko kishuke chenyewe huku glovu ikibaki shavuni. Pigo linapogusa atoe pumzi fupi "tss" na tumbo likaze. Likimkuta anavuta pumzi, atapiga goti.

Halafu glovu. Kama mnafanya sparingi na za aunsi 16, pambano la ridhaa kwa kilo zake ni aunsi 10, la kulipwa 8. Glovu ikipungua mianya inafunguka. Gadi aizoee na ndogo pia, ila kwa kugusa tu.

Na hilo la macho kulegea raundi ya tatu nyinyi mmelipita haraka. Hapo sparingi isimame siku hiyo hiyo. Kofia ya sparingi inapunguza kuchanika, ubongo haiulindi. Akilalamika kichwa au kichefuchefu, hospitali, na asirushiwe ngumi mpaka daktari aseme.

MtuWaGombani:
Naam, hilo mwanzo kabla ya mengine yote. Baada ya hapo leta video, lakini mpigeni picha kwa ubavuni. Kwa mbele hatuoni uzito uko mguu gani.