Ukarabati wa Kanisa la Kale: Kikundi cha Majirani, Vihiga

Mama Sammy: Shalom wote. Tazameni picha ya ukuta unaopigwa na mvua. Matofali yanamenyuka, ila simenti iliyotiwa kwenye viungo, yaani nafasi kati ya matofali, iko imara. Mbona hivyo?

Fundi: Mama, simenti ndiyo inayoyaua. Matofali ya kuchomwa kwa kuni ni laini, yanakunywa maji. Zamani maji yalitoka nje kupitia viungo vya chokaa. Viungo vikizibwa kwa simenti, maji yanatafuta njia kwenye tofali lenyewe, na uso wake unabanduka.

Mama Sammy: Nitajuaje kiungo kipi ni chokaa?

Fundi: Kwangua kwa ufunguo. Chokaa inatoka unga, simenti inakwaruza ufunguo.

Mzee Karani: Tuiondoe simenti kwa greinda basi, tumalize siku moja.

Fundi: Hapana mzee! Greinda inakata kingo za matofali, na hazirudi. Tindo na nyundo ndogo, kina cha inchi moja. Kabla ya kujaza chokaa, lowesha kiungo kwanza, kikiwa kikavu kinafyonza maji ya chokaa na kazi inapukutika. Chokaa ya Koru inatosha: iloweke usiku kucha iwe kama uji mzito, kisha ndoo 1 kwa ndoo 3 za mchanga wa mto uliochekechwa. Funika kwa magunia mabichi siku 7. Masika tusithubutu.

Mwalimu: Na zile boriti za chini ya kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, kuna waliopendekeza zikatwe ili dari ipande. Tafadhali zisiguswe. Marafiki (Quaker), wamisionari waliofika Kaimosi mwaka 1902, Hotchkiss, Hole na Chilson, walileta ibada isiyo na ubatizo wa maji wala meza ya Bwana. Ndiyo maana nyumba za ibada za Marafiki hazihitaji madhabahu wala kisima cha ubatizo. Hili letu ni ukumbi mmoja mrefu, bila ukuta wa kukatiza.

Fundi: Hapo ndipo penye hatari. Paa linasukuma kuta nje, na kwa kuwa hakuna ukuta wa kukatiza, boriti ndiyo inayozishika. Ukiikata, ufa unaanzia juu ya madirisha.

Mzee Karani: Nimeelewa. Boriti zibaki.

Mama Sammy: Na unyevu wa chini, ule wa magotini?

Fundi: Udongo wa nje umepanda kuliko sakafu. Uchimbwe ushuke sentimita 15 chini ya sakafu, na mfereji uelekee bondeni. Hii ianze kabla ya chokaa, la sivyo tunapiga viungo juu ya ukuta unaokunywa.

Mama Sammy: Jumamosi saa mbili asubuhi, majembe na karai.