Tupeane uzoefu: Thomas Muster, goti la 1989 na udongo wa 1995

Mleta uzi: Wakuu, tuweke hapa tunayoyajua kuhusu Muster, yule mcheza tenisi Mwaustria wa mkono wa kushoto. Sifa tupu tuziache, tuchambue ufundi. Naanza na goti. Usiku wa tarehe 1 Aprili 1989, kwenye mashindano ya Key Biscayne, Florida, alikuwa ametoka kumtoa Yannick Noah nusu fainali. Akiwa anatoa vitu kwenye buti la gari, dereva mlevi akaligonga. Kano za goti la kushoto zikakatika. Fainali haikuchezwa, mpinzani wake Ivan Lendl akapewa kombe.

Mzee wa Udongo: Ile benchi aliyofanyia mazoezi akiwa bado majeruhi ndiyo watu huielewa vibaya. Alitengenezewa kiti maalumu, mguu umenyooshwa mbele na kufungwa usipinde, huku kocha Ronnie Leitgeb akimlisha mipira. Goti halikuwa likitibiwa pale. Kilichokuwa kikilindwa ni macho, bega na ule wakati wa kukutana na mpira, vitu vinavyopotea haraka mtu akilala tu. Anayeiga lazima ajue hatari yake: ukikaa, miguu na nyonga hazichangii nguvu, mzigo wote unabebwa na bega na kiwiko. Mipira irushwe polepole, karibu na mwili, na bega likianza kuuma simamisha. Septemba mwaka ule ule alikuwa tena mashindanoni, na 1990 akatwaa kombe la Rome.

Kamba Legevu: Mimi nasema viwanja vya udongo vilimsaidia kuliko benchi. Kwenye sakafu ngumu kila kusimama ghafla ni pigo kwenye goti, ila kwenye udongo unateleza na kasi inakufa taratibu. Sharti uanze kuteleza KABLA ya kupiga, ili mwendo uishe pamoja na pigo. Wengi hupiga kwanza ndipo wateleze: wanajikuta mita mbili nje ya uwanja na mpinzani keshapiga upande wa pili. Na soli ya kiatu iwe na mistari ya zigizaga. Soli ikiisha unateleza usipotaka. Ukivaa ya sakafu ngumu, vumbi linajaa kwenye mitaro yake.

Mpiga Kushoto: Silaha yake ilikuwa pigo la mkono wa mbele la mshazari, lenye mzunguko mzito. Likitoka kushoto linaangukia pigo la nyuma la mtu wa mkono wa kulia, halafu linaruka hadi begani. Sasa mpigie hivyo Michael Chang mwenye 1.75 m. Fainali ya Roland Garros, mashindano makubwa ya udongo ya Ufaransa, 1995: Muster alimfunga 7-5, 6-2, 6-4. Wimbledon pigo hilo hilo lilikuwa hasara, nyasi haziruhusu mpira uruke juu na yeye alisimama mbali nyuma ya mstari. Alikwenda mara nne, hakushinda hata mechi moja.

Kamba Legevu: Na mashindano ya udongo ya Monte Carlo, 1995, msiyasahau! Nusu fainali ilimmaliza hadi akatundikiwa dripu. Kesho yake, fainali, Boris Becker akaongoza seti mbili, akapata pointi mbili za ubingwa kwenye taibreki (gemu ya kuamua seti iliyofungana 6-6) ya seti ya nne. Kwenye moja akaupiga mpira wa pili wa kuanzishia kama wa kwanza. Ukatoka. Seti ya tano Muster akashinda 6-0.

Mleta uzi: Vipi wanaosema namba moja yake ya dunia ya 12 Februari 1996 ni ya kubebwa na mfumo wa alama?

Mzee wa Udongo: Enzi zile zilihesabiwa alama za mashindano 14 bora tu ndani ya wiki 52, kwa hiyo anayecheza mengi hakuadhibiwa kwa kutolewa mapema. Mfumo ulimfaa, sikatai. Lakini 1995 alishinda mechi 65 za udongo akafungwa 2, makombe 12 kwa jumla, na la Essen lilikuwa la uwanja wa zulia, ndani ya ukumbi. Hapo nani kambeba? Mwaka 1997 akarudi Key Biscayne, sakafu ngumu, akamfunga Sergi Bruguera fainali seti tatu kavu.

Mpiga Kushoto: Nyongeza ndogo. Mechi yake ya mwisho, Vienna 2011, akiwa na miaka 44, alifungwa 6-2, 6-3 na kijana wa miaka 18 aitwaye Dominic Thiem.