Enzo kapewa kitambaa cha unahodha, yule dada wa Ugiriki alikatwa kwenye timu: adhabu inapimwa kwa kosa au kwa bei ya mchezaji?

Wakuu, nimechoka na hii kauli ya "bado kijana, msameheni" mnayomtetea nayo Enzo Fernández, kiungo wa Argentina, kwa ule wimbo wa kibaguzi. Na wanaoileta humu ni Waafrika wenzangu. Ndicho kinachoniuma zaidi.

Tukumbushane. Julai 2024 Argentina wanamfunga Colombia 1-0 pale Miami, wanabeba Copa América. Ndani ya basi Enzo Fernández anawasha laivu Instagram, kwa mkono wake mwenyewe. Wanaimba kwamba hao wachezaji wa Ufaransa wote ni wa Angola, mama Mnigeria, baba Mkameruni, ila karatasi ndizo zinasema Mfaransa. Kuna na maneno mengine kuhusu Mbappé, siyaandiki hapa. Halafu inasikika sauti: kata laivu. Kwa hiyo walijua wanachofanya! Msiniambie alipitiwa.

Wakati huo klabuni Chelsea alikuwa anakaa chumba kimoja cha kuvalia na Wafaransa Fofana, Disasi, Badiashile, Nkunku. Hayo majina matatu ya mwisho asili yake ni Kongo, hapo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, siyo mbali na sisi. Fofana akaiweka ile video hadharani na kuuita ubaguzi wa wazi wazi. Klabu ikatangaza mchakato wa nidhamu. Enzo akaandika radhi, akakubali kuchangia pesa taasisi ya kupinga ubaguzi, klabu nayo ikaongezea, faili likafungwa. Agosti ligi inaanza, nahodha Reece James majeruhi, kitambaa cha unahodha anavalishwa nani? Enzo.

Sasa ngoja niwarudishe Julai 2012. Voula Papachristou, mrukaji wa miruko mitatu wa Ugiriki, aliandika kijembe Twitter kwamba Waafrika wamejaa Ugiriki, kwa hiyo mbu wa virusi vya Nile Magharibi angalau watakula chakula cha kwao. Kamati ya Olimpiki ya nchi yake ikamkata kwenye timu siku chache kabla ya michezo ya London. Radhi aliomba pia. Hawakumrudisha. Na alikuwa na miaka 23, sawasawa na Enzo mwaka 2024! Huo ujana unaotetewa kwa mmoja, kwa mwingine ulikwenda wapi?

Na wale wanaosema adhabu kali inaua kipaji: mwaka 2018 dada huyo alichukua dhahabu ya Ulaya pale Berlin. Hakufa mtu.

Andre Gray wa Burnley, 2016, alifungiwa mechi 4 na kupigwa faini ya paundi 25,000 kwa maneno ya kuwabagua mashoga aliyoandika Twitter mwaka 2012, kabla hajajulikana. Hiyo kwangu ina utata kidogo, mtu kufukuliwa ya miaka minne nyuma. Lakini Enzo hakufukuliwa chochote. Alijirekodi, tena akiwa mchezaji aliyenunuliwa paundi milioni 106.8. Hapo ndipo jibu lilipo, wakuu. Klabu iliyomwaga pesa hizo na kumpa mkataba wa miaka kibao haiwezi kumweka benchi kwa ajili ya hisia za Fofana.

Kuna mtani wangu humu akaniambia "ni utani wa mpira, mbona Simba na Yanga mnataniana". Hapana. Tunaitana kolo na utopolo mchana kutwa, jioni tunagawana kahawa. Lini umesikia mtu wa Yanga anamwambia wa Simba wewe siyo Mtanzania kwa sababu mama yako katoka Kongo? Utani una mipaka na sote tunaijua. Acheni kujitoa ufahamu.

Kibaya zaidi, kule Argentina makamu wa rais alisimama upande wa Enzo. Aliyepoteza kazi katika sakata zima ni Julio Garro, naibu katibu wa michezo, aliyesema Messi kama nahodha aombe radhi. Ndiyo, aliyesema watu waombe radhi ndiye aliyefukuzwa.

Kwa hiyo mkuu unayekuja kuniandikia "ni utani tu", anza kwanza kunieleza Garro alifukuzwa kwa kosa gani.