Hatua mbili za uthibitisho wakati laini ina jina la kaka yangu

Mweka Hazina, Kihonda

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama hapa Kihonda, Morogoro. Hisa, mikopo na marejesho naandika kwenye daftari, halafu naingiza kwenye jedwali lililo ndani ya akaunti yangu ya Gmail. Matangazo yote yanapita kwenye kundi la WhatsApp ambalo mimi ndiye msimamizi.

Juzi mwenzetu mmoja alipata ujumbe kutoka kwenye namba ya mtu anayemfahamu: samahani mama, nimekosea nikaandika namba yako, kuna tarakimu sita zimeingia kwenye simu yako, nitumie haraka. Akatuma. Haikuchukua muda WhatsApp yake ikamtoa, na watu aliowahifadhi wakaanza kuombwa wamkopeshe hela, kwa jina lake na picha yake. Wapo waliotuma. Mwenzetu mpaka leo anaona aibu kupita sokoni, wakati yeye ndiye aliyeibiwa. Limeniuma sana. Mimi nikiingiliwa vile, atakayetumia jina langu ataaminiwa na kikoba kizima, maana hela zao nazishika mimi.

Nimeamua kuweka uthibitishaji wa hatua mbili kwenye Gmail na WhatsApp, yaani mtu akijua neno la siri au namba moja bado aulizwe kitu cha pili ndipo aingie. Kila ninapouliza naambiwa weka namba ya simu, utaletewa meseji. Hapo ndipo ninapokwama. Laini hii ilisajiliwa kwa kidole cha kaka yangu, wakati ule laini zinafungwa na namba yangu ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, ilikuwa bado haijatoka. Kaka sasa yuko Muscat kikazi, kurudi kwake hakujulikani. Simu ikipotea leo, laini siwezi kuirudisha mpaka yeye aje aweke kidole. Namba ya NIDA sasa ninayo.

Je, nikiweka ulinzi huu juu ya laini hii, si ndiyo nitajifungia nje mwenyewe? Kuna njia isiyotegemea laini kabisa? Ninayo pia simu ya zamani, kioo kimepasuka lakini inawaka, haina laini. Na simu ninayotumia, jioni mwanangu wa kidato cha pili anaisomea.

Fundi wa Makoroboi

Shikamoo mama. Swali hili wengi hulifikia wakiwa wameshafungiwa. Mezani kwangu hapa Makoroboi, Mwanza, wanaokuja na machozi si walioibiwa akaunti peke yao. Wapo ambao neno la siri wanalijua, simu iko mkononi, ila namba za uthibitisho zinakwenda kwenye laini ya marehemu mume, au laini ya kazini aliyoiacha alipohama, au ile iliyosajiliwa chini ya mwavuli kwa kidole cha kijana ambaye leo hajulikani alipo. Huyo hana fundi wa kumsaidia. Kwa hiyo msimamo wangu ni mmoja: hatua ya pili iwekwe juu ya kitu ambacho wewe mwenyewe unaweza kukipata tena kikipotea, bila kumbembeleza mtu. Laini ya kaka haimo, hata kama mnapendana vipi.

Anza na laini kabla ya kugusa akaunti. Nenda ofisi ya mtandao unaoutaka na ile namba ya NIDA ya tarakimu 20, weka kidole, sajili laini mpya kwa jina lako. Ukishatoka hapo bonyeza *106# uone ni laini zipi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta usiyoitambua, rudi dirishani siku hiyohiyo wakaifute. Hela iliyoko kwenye laini ya kaka ihamishe mapema, ila laini yenyewe usiitupe bado.

Ukiwa nazo zote mbili zinafanya kazi, fungua WhatsApp, Mipangilio, Akaunti, kisha Badilisha namba. Utaweka ya zamani na mpya, na meseji ya uthibitisho itaingia kwenye mpya. Makundi yako yanahama na wewe. Na nakuomba sana, kabla hujafanya hivyo waambie wanakikoba mkutanoni, uso kwa uso, kwamba namba inabadilika na mpya ni hii. Baada ya yaliyompata mwenzenu, mweka hazina akiibuka na namba mpya kwenye kundi, mtu mwenye akili timamu anapaswa kumtilia shaka.

Kisha ndani ya Akaunti palepale kuna Uthibitishaji wa hatua mbili. Utachagua PIN ya tarakimu sita. Hii si zile sita zinazokuja kwa meseji, na ndiyo inayomkwamisha tapeli: hata akizipata za meseji, WhatsApp itamuuliza PIN unayoijua wewe peke yako. Isiwe mwaka wa kuzaliwa, wala PIN ya hela iliyorefushwa kwa sifuri mbili. Mahali pa barua pepe usiparuke. Ukisahau PIN na barua pepe hukuweka, utasubiri siku 7 kabla ya kuruhusiwa kuweka nyingine.

Gmail ndiyo nzito zaidi, maana mwenye Gmail yako anaweza kubadilisha maneno ya siri ya akaunti nyingine karibu zote. Ingia kwenye Akaunti yako ya Google, sehemu ya Usalama, washa uthibitishaji wa hatua mbili. Tangu 2024 Google hailazimishi uanze na namba ya simu. Unaweza kuanza na programu inayotengeneza namba, kama Google Authenticator. Hiyo ndiyo njia uliyouliza, isiyotegemea laini. Programu na Google vinagawana siri moja siku ya kwanza, kupitia ule mraba wa QR unaoupiga picha. Baada ya hapo kila upande unachukua siri ile na saa ya wakati huo, unapiga hesabu, unapata tarakimu sita zinazodumu sekunde 30. Hakuna kinachotumwa. Haihitaji bando wala mnara, inafanya kazi hata ukiwa Mahenge bila mtandao.

Simu yako ya kioo kilichopasuka usiiuze. Mraba uleule wa QR, kabla hujaufunga, upige picha kwa programu ya simu ya pili pia. Hapo simu zote mbili zitatoa namba zilezile. Moja unatembea nayo, nyingine inabaki nyumbani imezimwa kabatini. Akaibiwa mtu mkoba pale Msamvu, akifika nyumbani bado ana mlango wa kuingilia.

Ukimaliza, chukua namba za akiba. Google inatoa 10, kila moja ina tarakimu nane na inatumika mara moja tu. Ziandike kwa kalamu. Usizipige skrinshoti, maana picha itakaa kwenye simu ileile unayoiogopea kupotea, na pengine itapanda yenyewe kwenye akaunti ileile unayotaka kuifungua. Ukitoa seti mpya, ya zamani inakufa yote, basi karatasi ya zamani ichane.

Nyinyi wa vikoba jambo hili mnalijua kuliko sisi mafundi: sanduku lina kufuli tatu na wenye funguo hawakai nyumba moja. Basi neno la siri, simu yenye programu na karatasi ya akiba navyo visilale mkoba mmoja.

Mwisho, pale Google palipoandikwa namba ya kurejesha akaunti, toa namba ya kaka uweke yako mpya. Hapo ni mahali tofauti na pa hatua mbili, na watu wengi hupaacha vilevile.

Mwanachuo wa TEHAMA, Dodoma

Fundi umeeleza vizuri, ila naona unawatisha watu wasitumie meseji kupita kiasi. Mama yangu mzazi anatumia meseji na inamtosha. Hiyo programu nilimwekea akashindwa, akazima ulinzi wote. Google walitoa utafiti mwaka 2019 walioufanya na vyuo vikuu vya New York na California San Diego. Namba za meseji zilizuia roboti zote, asilimia 96 ya hadaa zinazorushwa kwa watu wengi kwa mpigo, na asilimia 76 ya mashambulizi yanayomlenga mtu mmoja. Njia ya kuulizwa kwenye simu yenyewe, ni wewe au siyo wewe, ilipata 100, 99 na 90. Meseji si mbovu hivyo.

Fundi wa Makoroboi

Mdogo wangu, hapo hatupingani. Mwenye laini kwa jina lake, ambaye programu inamshinda, aweke meseji leo leo, asingoje. Lakini itazame ile 76. Anayelengwa peke yake ndiye huyu mama, kwa sababu jina lake limeshika hela za watu. Na tatizo lake halikuwa wizi tu, lilikuwa kwamba laini hawezi kuirudisha. Hilo asilimia za utafiti hazilipimi.

Niongeze jambo moja, kwa kuwa watu huona wakishaweka programu wamemaliza. Namba za programu nazo zinaibika ukiziandika kwenye ukurasa wa uongo unaofanana na wa Google, maana tapeli anazipokea na kuziingiza yeye ndani ya zile sekunde 30. Ukurasa wa kuingia ufungue mwenyewe. Usiufikie kwa kubonyeza kiungo ulichotumiwa.

Mwana wa Kilifi

Salaam kutoka Kenya. Kwetu huku ugonjwa mkubwa umekuwa ni mtu kurudishiwa laini yako kwa wakala bila wewe kujua. Unashtukia simu haina mtandao, na pesa na akaunti zimekwenda. Mwenye laini ya Safaricom apige *100*100#, laini inafungwa isibadilishwe na wakala yeyote, mpaka uende duka lao mwenyewe na kitambulisho. Wanaoishi huku na bado wanapokea namba kwa meseji wafanye hivyo kwanza.

Dadangu wa Morogoro, na yule mwenzenu aliyeibiwa WhatsApp alisaidiwaje? Sijaona mtu amemgusia.

Fundi wa Makoroboi

Umenikumbusha vyema, kaka. Aiweke WhatsApp upya kwenye simu yake, aandike namba yake, asubiri meseji, aingize zile sita. Muda uleule tapeli anatolewa. Ikiwa tapeli alishaweka PIN yake, WhatsApp itamwomba mama PIN asiyoijua. Atasubiri siku 7, lakini katika siku hizo tapeli naye hayumo. Asikate tamaa akadhani meseji ile haikufaa kitu. Namba ambayo watu waliambiwa waitumie hela aitume 15040, hapo ndipo TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wanapopokea taarifa za utapeli. Na waliotuma hela wapige simu huduma kwa wateja ya mtandao wao wakiwa na meseji ya muamala mkononi.

Mweka Hazina, Kihonda

Ndugu zangu, Mungu awabariki. Laini mpya ninayo kwa jina langu, mkutanoni nimewatangazia, WhatsApp nimehamisha na PIN nimeweka. Mwenzetu naye amerudi kwenye WhatsApp yake, nilikaa naye mpaka meseji ikaingia. Alilia, akasema angejua mapema wala asingejificha ndani.

Kwenye Gmail programu iko kwenye simu zote mbili kama fundi alivyosema. Lakini simu ya zamani inatoa tarakimu tofauti na hii, na nikiziingiza Google inakataa. Nimeifuta? Nianze upya? Na kuhusu mwanangu hamkunijibu.

Fundi wa Makoroboi

Usifute kitu mama, hiyo ni saa. Nilisema hesabu inapigwa kwa siri na saa; simu isiyo na laini haipati saa ya mnara, na ikizimika betri hurudi na saa yake yenyewe. Iwashie intaneti kutoka kwenye simu yako kubwa, ingia Mipangilio, Tarehe na Saa, ruhusu ijirekebishe yenyewe. Subiri namba zibadilike mara moja, kisha zilinganishe. Zitafanana. Fanya hivyo kila unapoitoa kabatini, kabla hujaitegemea.

Kwa kijana, kumnyima simu ya kusomea si dawa. Weka kufuli ya skrini anayoijua, ila WhatsApp iwekee kufuli yake kwa kidole chako, ipo ndani ya Mipangilio upande wa Faragha. Na mara kwa mara fungua Vifaa vilivyounganishwa, kwa sababu PIN ya hatua mbili haizuii mtu aliyeshika simu yako dakika moja kuiunganisha WhatsApp yako na kompyuta ya mwingine, na meseji zikawa zinasomwa huko. Ukiona kifaa usichokijua, kibonyeze, chagua Ondoka. Kwenye Google vilevile, sehemu ya Usalama kuna orodha ya vifaa vilivyoingia. Simu ya kaka ikiwa bado imo tangu zamani, mpigie umweleze, halafu iondoe.