Mrejesho: pikipiki ya marehemu baba sasa inawaka hata mvuani
Ndugu zangu, niliuliza kwa nini pikipiki hii ya 1974 huzima kila masika yakiingia hapa Malindi. Mliniambia ningoje giza, niiwashe, kisha nirashe maji kwenye waya wa plagi (kile kifaa kinachowasha mafuta ndani ya injini). Wallahi nimeona! Cheche za samawati zikitambaa kutoka kwenye ufa wa waya hadi kwenye injini. Umeme haukuwa ukifika kwenye plagi. Nimeweka waya mpya na kofia ya plagi yenye mpira, ndani nikapaka grisi ya silikoni. Platini (vile vyuma viwili vinavyogusana na kuachana ili plagi itoe cheche) zilikuwa na ukungu mweupe (huu upepo wa chumvi!), nimezisugua. Jana nimetoka Mambrui na mvua kubwa, haikukohoa hata mara moja. Mzee uliyetaja tundu la kutolea maji chini ya kifuniko cha platini, nililikuta limezibwa. Nimelizibua. Ahsanteni sana.