Mrejesho: banio la shamba na samoni wa mto Lemhi

Ndugu zangu, mwezi wa tano niliuliza kama kuacha kumwagilia alfalfa (majani ya kulisha mifugo) kwa kufurisha shamba, tukatumia mabomba ya kunyunyizia, kungewasaidia samaki aina ya samoni wa mto Lemhi hapa Idaho, Marekani, ambao hupanda kutoka Bahari ya Pasifiki msimu uleule wakulima wanapochukua maji mengi.

Aliyenionya kuhusu maji yanayorudi alisema kweli: sehemu ya maji ya kufurisha huzama ardhini na kurejea mtoni baadaye kupitia chemchemi, tena yakiwa ya baridi, kwa hiyo mabomba peke yake si dawa, hasa mkulima akiyatumia maji aliyookoa kwa mabomba kumwagilia eka nyingine. Kilichotufaa ni kuhamisha mahali pa kuchukulia maji: mwajiri wangu, baada ya kupata idhini ya jimbo, alifunga banio (mahali pa kukingia maji ya mto) la juu na kuweka pampu yenye chujio la kuzuia vifaranga vya samaki upande wa chini, ili maji yake yapite kwanza mtoni.

Mwezi wa nane, kipande cha mto kilichokuwa kokoto tupu kilikuwa na maji ya magotini. Samoni mwenyewe sijamwona bado, na bili ya umeme, kusema kweli, imemkera mzee.